Neno Jamhuri Juu ya Uso wa Sultani

Stempu za Zanzibar, zilizotumika kwa takriban miaka 72, tangu Novemba 1895 hadi siku ya mwisho ya mwaka 1967, zina sifa moja inayowatatiza hata wataalamu wa nchi za mbali: nyingi miongoni mwa zile zinazotafutwa sana zilichapwa kwa ajili ya utawala mwingine, kisha neno likaongezwa juu yake. Mwaka 1895 neno hilo lilikuwa Zanzibar, nalo liliwekwa juu ya stempu za India ya Waingereza. Mwaka 1964 lilikuwa Jamhuri, nalo liliwekwa juu ya stempu zenye sura ya Sultani. Kwa kuwa stempu ya chini ni halali na ya kawaida, na kinachoipa thamani ni wino kidogo ulioongezwa baadaye, mwenye nia ya kughushi hahitaji kiwanda. Stempu ya bei rahisi, kidau cha wino na muhuri wa kuchonga vinamtosha. Ndiyo maana anayetaka kujua ukweli wa stempu ya aina hii hulazimika kuuliza neno lile liliwekwa lini na kwa mkono wa nani, na mara nyingi jibu hupatikana katika vile vilivyoizunguka stempu, yaani muhuri wa posta, bahasha, anwani, na nyumba ilimohifadhiwa.

Posta ya kwanza ya Unguja ilifunguliwa na serikali ya India mwezi Novemba 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, kisha ikafunguliwa tena mwaka 1875. Katika miaka hiyo yote barua zilibandikwa stempu za India zenye kichwa cha Malkia Victoria, ambazo bei yake ilihesabiwa kwa anna, sarafu ambayo 16 kati yake hufanya rupia moja. Stempu iliyotumika Unguja wakati huo haikuwa na tofauti yoyote na iliyotumika Bombay, isipokuwa muhuri wa posta uliogongwa juu yake, kwa hiyo muhuri ukifutika au ukisomeka nusu, ushahidi wote hupotea. Ufaransa nayo iliendesha posta yake mjini humu tangu 1889 hadi mwisho wa Julai 1904, na Ujerumani ilikuwa na wakala wa posta kwa muda usiotimia mwaka mmoja, tangu Agosti 1890 hadi Julai 1891. Ufupi wa muda huo wa Wajerumani ni msaada mkubwa kwa mchunguzi, kwa sababu barua yenye muhuri wao wa Zanzibar uliogongwa nje ya miezi hiyo hujishuhudia yenyewe kuwa si ya kweli.

Novemba 1895 posta ilipotoka mikononi mwa India na kuwa chini ya utawala wa himaya ya Waingereza, stempu mpya zilikuwa bado hazijafika kutoka Uingereza, na kazi ya kuongeza neno Zanzibar juu ya stempu za India ilipewa kiwanda kidogo cha gazeti la serikali, Zanzibar Gazette, lililokuwa limeanza kutoka mwaka 1892. Kiwanda cha namna hiyo kilipanga maneno kwa mkono, herufi moja moja za risasi, na katika herufi hizo maumbo yote huwa kinyume, kama yanavyoonekana katika kioo, hata herufi b machoni mwa mpangaji hufanana na d. Hapo ndipo lilipotokea kosa maarufu la Zanzidar, pamoja na Zanibar iliyokosa herufi moja, na mengine ya jinsi hiyo. Makosa hayo ni ya kweli, yaliuzwa dirishani kama stempu nyingine, na leo bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya stempu zisizo na kosa. Lakini kosa hilohilo ndilo jepesi kuliko yote kuigiza, na katalogi za stempu zimekuwa zikiwaonya wanunuzi kwa miaka mingi kwamba neno la Zanzibar la mwaka 1895 limeghushiwa sana, na kwamba kuna makosa ya kubuni ambayo kiwanda cha Gazette hakikuwahi kuyafanya.

Njia ya kuyatenganisha inatokana na kazi yenyewe ya kiwandani. Herufi zilizokwisha kupangwa na kubanwa katika fremu hazihami, kwa hiyo neno lenye kosa hurudi mahali palepale katika kila karatasi ya stempu mpaka mtu alione na kulisahihisha, na mikwaruzo ya herufi hizo, kama z iliyovunjika ncha au r iliyoinama kidogo, hurudi pamoja nalo. Mtaalamu anapoletewa stempu yenye Zanzidar huilinganisha na zile zinazojulikana kuwa za kweli, akipima urefu wa neno, nafasi kati ya herufi na herufi, na kasoro ndogo ambazo mwigaji hakujua kwamba zilitakiwa ziwepo. Kuna pia jaribio ambalo halihitaji utaalamu mkubwa: baadhi ya waghushi walichukua stempu za India zilizokwisha kutumika kwa sababu zilipatikana kwa wingi, na stempu ambayo chini ya neno Zanzibar ina muhuri wa mji wa India haina haja ya kuchunguzwa zaidi.

Stempu za kwanza kuchapwa mahususi kwa Zanzibar, kazi ya kampuni ya De La Rue ya London, zilitolewa mwaka 1896 zikiwa na sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini, ambaye zilipoanza kuuzwa alikuwa amekwisha kufariki, kwa kuwa alifariki tarehe 25 Agosti mwaka huo. Stempu za wafalme waliofuata hazina matatizo mengi ya uhalisi, ila jambo moja linastahili kuelezwa, nalo ni alama ya maji, yaani umbo linalotiwa ndani ya karatasi wakati inapotengenezwa, ambalo huonekana stempu inapoelekezwa kwenye mwanga. Stempu za Sultani Khalifa bin Harub zilizoanza mwaka 1913 zilichapwa kwenye karatasi yenye alama ya mawaridi. Picha hizohizo zikarudiwa kwenye karatasi yenye taji na herufi CA za Mawakala wa Taji walioagiza uchapaji, na katika miaka ya 1920 kwenye karatasi yenye taji na herufi hizo zikiwa na umbo la mwandiko. Kwa mbele stempu tatu zinaweza kuonekana mapacha, na nyuma kila moja ina mwaka wake. Zile za rupia nyingi, ambazo bei yake ilifika rupia 200, ni vigumu kufikiri barua ya kawaida iliyozihitaji. Zilifaa zaidi kulipia ushuru katika hati, na hatari yake ni kwamba saini ya kalamu iliyozifuta hatini inaweza kuoshwa kwa dawa, kisha ukagongwa muhuri wa posta wa uongo. Karatasi iliyooshwa hivyo hupauka, na chini ya taa ya urujuanimno, ambayo huonyesha yasiyoonekana kwa mwanga wa kawaida, kivuli cha mwandiko huweza kujitokeza.

Hata hivyo ni stempu za mwaka 1964 zinazohitaji uangalifu kuliko zote, na hizo ndizo zinazoweza bado kupatikana katika makasha ya nyumba za Ng'ambo, Mkunazini au Makunduchi, kwa sababu zilitumiwa na watu ambao watoto wao wangali hai. Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964, posta ilikuwa na akiba ya stempu za aina mbili zilizokuwa zikiuzwa: 16 za mwaka 1961 zenye sura ya Sultani Abdulla bin Khalifa, na 4 za uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963, mojawapo ikionyesha mlango wa kuchongwa wa Kizanzibari na nyingine pango la Mangapwani. Serikali mpya haikuweza kuendelea kuuza sura ya utawala iliouondoa, wala haikuwa na stempu nyingine, na tarehe 17 Januari, siku tano tu baada ya Mapinduzi, stempu hizo 20 zikaanza kuuzwa zikiwa zimegongwa kwa mkono muhuri wa maneno JAMHURI 1964. Tarehe 28 Februari zikaja zilizoandikwa maneno hayohayo kwa mtambo na kampuni ya Bradbury Wilkinson ya Uingereza, ileile iliyokuwa imechapa stempu za 1961, na mwezi Juni zikafuata stempu mpya kabisa zilizochapwa Budapest, Hungaria. Zilizogongwa kwa mkono, kwa hiyo, zilikuwa peke yake dirishani kwa wiki sita tu.

Tofauti kati ya muhuri wa mkono na chapa ya mtambo huonekana kwa lenzi ya kawaida ya kukuzia, stempu ikiinamishwa chini ya taa mpaka mwanga uipige ubavuni. Chapa ya mtambo ina kingo kali, wino wake umelala sawasawa, na maneno hukaa mahali pamoja katika kila stempu. Muhuri wa mkono hufuata nguvu ya mkono: upande mmoja umekolea na mwingine umefifia, wino umejikusanya kwenye kingo za herufi na kuacha katikati pepesi, mahali pengine umenywewa na karatasi hata mstari ukatanuka. Maneno yenyewe hupanda, hushuka au hulala upogo, na kutofautiana huko si dalili ya uongo. Ni ajabu kwamba wanunuzi wengi huikataa stempu kwa sababu muhuri wake umekaa vibaya, huku wakiipokea kwa furaha iliyopigwa vizuri mno.

Ugumu wa kweli uko katika makosa. Zipo stempu ambazo neno Jamhuri limepinduliwa juu chini, zipo zilizogongwa mara mbili, na zipo jozi ambazo moja ina neno na mwenzake hana. Katika kazi iliyofanywa kwa haraka, karatasi kwa karatasi, katika wiki za msukosuko, makosa ya namna hiyo hayakuepukika. Lakini muhuri uliokuwa mikononi mwa watu ungeweza pia kugongwa juu chini kwa ombi la mteja, na katalogi ya Stanley Gibbons, ambayo ndiyo marejeo makuu ya stempu za nchi zilizotawaliwa na Uingereza, inakiri kwamba haiwezekani kulitenganisha kosa la bahati mbaya na lile lililofanywa kwa makusudi ili kumridhisha mnunuzi. Inataja pia kwamba muhuri huo umeonekana juu ya stempu ambazo hazikuidhinishwa, zikiwemo za matoleo ya nyuma na zile za kudai upungufu wa nauli ya barua. Katika hali hiyo neno "halisi" hupoteza maana yake ya kawaida, kwa kuwa stempu inaweza kuwa imegongwa muhuri wa kweli, kwa wino wa kweli, katika mwezi wenyewe, na bado isiwe imewahi kuwa stempu ya posta. Mwenye kulipa fedha nyingi kwa ajili ya Jamhuri iliyopinduliwa ananunua kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukithibitisha, na ingekuwa heri kwake kutafuta bahasha ya kawaida ambayo mtu alimwandikia jamaa yake wa Pemba au Mombasa.

Bahasha ya namna hiyo hueleza mengi kwa sababu tabaka zake zimepangana kwa wakati. Chini kabisa iko stempu ya 1961, juu yake liko neno Jamhuri, na juu ya yote mawili uko muhuri wa posta wenye tarehe, ambao mara nyingi nusu yake imeangukia stempu na nusu karatasi ya bahasha. Pale ambapo duara la muhuri wa posta linakatiza herufi ya Jamhuri, lenzi huweza kuonyesha wino upi uko juu ya mwenzake. Kama duara limepita juu ya herufi, mpangilio ni sahihi. Kama herufi ndiyo iliyolikanyaga duara, neno liliongezwa juu ya stempu iliyokwisha kusafiri. Tarehe nayo ina sheria yake isiyopindika: hakuna Jamhuri ya mkono kabla ya Januari 17, wala ya mtambo kabla ya Februari 28. Muhuri wa posta unaweza kughushiwa pia, lakini kughushi stempu, muhuri, mwandiko, anwani ya mtu aliyeishi kweli na muhuri wa posta iliyopokea upande wa pili, vyote vikubaliane, ni kazi ambayo faida yake hailingani na jasho lake.

Kuhusu hali ya stempu, yaani uzima wake, visiwa hivi vina adui ambao vitabu vya Ulaya huwagusia kwa kupita tu. Unyevu wa masika hulainisha gundi iliyo nyuma ya stempu ambayo haijatumika, na karatasi nzima hugandamana na jirani yake. Chumvi ya upepo wa bahari, joto na ukungu huleta vidoa vya rangi ya kutu ambavyo huanza katika meno, yale matundu ya pembeni yanayorahisisha kuchana, kisha huingia katikati. Mende hupenda gundi, na nondo wadogo wa vitabu hawaachi kitu. Kwa wakusanyaji wa ng'ambo stempu isiyotumika yenye gundi kamili, ambayo haijawahi kubandikwa albamuni, ndiyo ya daraja la juu, na tamaa ya daraja hilo imezaa hila ya kupaka gundi upya. Hila hiyo hugunduliwa kwa ncha za meno: stempu ya kweli ilipakwa gundi kabla ya kutobolewa, hivyo nyuzi za karatasi katika ncha huwa laini na safi, ilhali iliyopakwa baadaye huwa na ncha ngumu zilizoshikana, zinazokwaruza kidole. Yafaa kusema wazi kwamba stempu ya Unguja ambayo imekaa kisiwani tangu 1964 na gundi yake ikawa nyeupe na nyororo kama ya jana inastahili kuulizwa ilihifadhiwa wapi. Wekundu kidogo wa gundi katika hali ya hewa hii ni ushahidi, na asiyejua huuona kuwa aibu.

Kosa kubwa zaidi hufanywa na wenye nia njema, wanaotaka kuisafisha stempu. Desturi ya kulowesha bahasha majini ili stempu ibanduke ilifundishwa kwa watoto wa shule kwa vizazi kadhaa, na kwa stempu za kawaida haina madhara makubwa, lakini wino wa muhuri wa mkono huweza kuchuja majini na kuacha doa pale palipokuwa na neno, na pamoja na hayo bahasha, tarehe na anwani hutupwa jaani. Stempu ya Jamhuri haifai kuoshwa, wala kupigwa pasi, wala kubandikwa kwa utepe wa plastiki, ambao gundi yake huingia katika karatasi na kuifanya iwe ya manjano daima. Inatosha kuiweka bahasha nzima ndani ya karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu penye hewa, na kuishika kwa kibano au kwa mikono mikavu.

Kanuni hiyo ya kutogusa inavihusu pia vitu vya karatasi vilivyo vikubwa zaidi, kama magazeti ya katuni ya zamani, mfano wa Joe lililotoka Nairobi kati ya 1973 na 1979, au Sani la Dar es Salaam, ambayo yameanza kutafutwa. Huko mchunguzi huangalia pini. Pini ya chuma katika pwani hupata kutu, na kutu huacha pete ya rangi ya matofali kuzunguka tundu. Pini ikiwa inang'aa huku tundu lina kutu, gazeti limefunguliwa na kufungwa tena, na huenda kurasa za katikati zimetoka katika nakala nyingine. Katika Marekani, ambako tangu mwaka 2000 kampuni ya CGC hupima vitabu vya katuni kwa alama hadi 10 na kuvifungia katika plastiki ngumu, kitabu kilichotengenezwatengenezwa hutenganishwa na kile kilichoachwa na uzee wake, hata kama kilichotengenezwa kinapendeza zaidi machoni.

Kwa stempu, hati za kuaminika zaidi hutolewa na kamati za wataalamu, kongwe miongoni mwao ikiwa ile ya chama cha wakusanyaji stempu cha London, Royal Philatelic Society, iliyoanza kazi hiyo mwaka 1894. Hati hueleza stempu ni nini, picha yake hubandikwa humo, na kasoro zake hutajwa. Gharama yake ina maana kwa Zanzidar, haina maana kwa stempu ya senti 10. Lakini ujuzi wa kulinganisha si mali ya London peke yake. Nyaraka za Taifa Zanzibar, zilizopo Kilimani, zina barua za serikali za miaka mingi zenye tarehe zisizo na shaka, na mtafiti wa Unguja anayetaka kujua mihuri ya posta ilivyokuwa ana mahali pa kuanzia ambapo mgeni hufika kwa nauli ya ndege. Inasikitisha kwamba historia ya posta ya visiwa hivi imeandikwa karibu yote na watu walioiona kupitia minada ya Ulaya.

Nguvu ya kujua kitu kimetoka mikononi mwa nani inaonekana katika albamu moja ya stempu iliyo London. Iliwahi kuwa ya mtoto wa Mji Mkongwe, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Septemba 1946 na ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Baba yake, Bomi Bulsara, aliyefanya kazi serikalini Unguja, alikuwa mkusanyaji naye, na familia ilihamia Uingereza mwaka 1964. Baada ya kifo cha mwimbaji huyo, albamu iliuzwa mnadani mwaka 1993, ikanunuliwa na Makumbusho ya Taifa ya Posta ya Uingereza, na fedha zake zikaenda kwa mfuko wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa kwa kumbukumbu yake. Stempu zilizomo, za Zanzibar na za nchi nyingine, ni zile ambazo mtoto yeyote wa miaka ya 1950 angeweza kuzipata, na kwa daraja la hali nyingi zingeshindwa mbele ya mkusanyaji mkali, kwa kuwa zilibandikwa kurasani kwa mkono wa mtoto aliyekuwa akizipanga kwa rangi na umbo kadiri alivyopenda. Albamu ilitoka kwa mtoto ikaenda kwa baba, na kutoka kwa baba ikafika makumbusho bila kuvunjwa. Stempu hizo zingebanduliwa na kuchanganywa na nyingine za umri wake katika bakuli la duka la Mtaa wa Gizenga, hakuna lenzi wala taa wala kamati ambayo ingeweza kuzitambua tena.